Kugeuza drili, grenda na misumeno ya bei nafuu kuwa mashine za mezani: kipi kinawezekana na kipi kiachwe?

KarakanaNdogo ameuliza:

Ndugu mafundi, habari za kazi. Nina chumba kidogo nilichokifanya karakana ya nyumbani, na humo nina vifaa vinne vya umeme vya bei nafuu: drili ya wati 550 yenye uwezo wa kugonga ukuta, inayofikia mizunguko 2,800 kwa dakika, grenda ya diski ya milimita 115, jigso (msumeno wa blade nyembamba inayopanda na kushuka), na msumeno wa mviringo wenye diski ya milimita 185. Kazi zangu ni rafu, viti vidogo, fremu, mabano ya chuma bapa, pamoja na kunoa patasi na visu vya randa. Kila moja ya kazi hizi ina mashine yake maalumu ya kusimama mezani, lakini kuzinunua zote ni gharama kubwa na chumba hakina nafasi ya kuziweka.

Ninachofikiria ni kuvifunga vifaa hivi kwenye fremu na meza ili vifanye kazi za mashine hizo. Drili naitaka itoboe wima kwenye stendi, wakati mwingine nailaze ili izungushe kibao cha msasa, na ikiwezekana nichimbie mifereji katika alumini kwa kusukuma kipande kikatwe upande kwa upande. Msumeno wa mviringo na jigso nataka nivifunge chini ya meza, meno yakitokeza juu. Kuhusu grenda, nimeshauriwa niifunge jiwe la kunolea la milimita 150 lililotoka katika mashine ya mezani iliyoungua, kwa kulichongea bushi ya katikati, yaani pete ya kujaza nafasi ya tundu, ili lienee kwenye shafti.

Swali langu ni hili: fundi anapotazama kifaa cha mkononi na kazi anayotaka kukipa, anapima kwa kigezo gani kabla ya kukata mbao ya kwanza ya fremu? Naomba sababu pamoja na majibu, kwa kuwa nimekwisha kusoma mengi yasemayo "usithubutu" na mengine yasemayo "mbona mimi nafanya kila siku", na hakuna upande ulionieleza kinachotokea ndani ya mashine.

---

JiliwaKuukuu amejibu:

Ndugu KarakanaNdogo, umeuliza vizuri. Mimi hutazama mambo matatu kwa mpangilio huu: kasi ya mzunguko, upande ambao mzigo unatokea, na muda ambao mota inaweza kufanya kazi bila kupumzika. Nitaeleza kwa drili yako, kwa sababu ndiyo yenye matumizi mengi kati ya vifaa ulivyovitaja.

Tuanze na kutoboa wima. Tazama shingo ya drili, pale unapofungwa mpini wa pembeni. Drili nyingi za waya zilizotengenezwa kwa vipimo vya Ulaya zina shingo ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 43, nayo ndiyo sehemu sahihi ya kubanwa na stendi. Usiibane kwenye mwili wa plastiki, kwa kuwa plastiki hujipinda taratibu na tundu litakwenda upande. Swichi ya kugonga ukuta iwe imezimwa wakati wote, na hata ikiwa imezimwa, kumbuka kwamba shafti ya drili ya aina hiyo ina mchezo kidogo wa kwenda mbele na kurudi nyuma, kwa kuwa ndivyo inavyogonga. Kwa mbao hutaliona tatizo hilo. Kwa chuma utaliona keekee inapotokeza upande wa pili, ambapo hujivuta yenyewe na kuling'ang'ania bapa. Kwa hiyo chuma kibanwe kwenye jiliwa, kisishikwe kwa mkono hata kama ni kirefu.

Kasi ndiyo inayowaunguzia watu keekee. Kwa chuma laini, keekee ya kawaida ya chuma cha kasi hufanya kazi vizuri ukingo wake ukisafiri takriban mita 25 kwa dakika. Ukipiga hesabu, keekee ya milimita 3 inataka mizunguko kama 2,650 kwa dakika, nayo drili yako inaimudu; ya milimita 6 inataka kama 1,300; ya milimita 10 inataka kama 800 tu. Drili yako haina gia ya pili, hivyo ukipunguza kasi kwa kidole, mota hupoteza pia sehemu ya nguvu yake, yaani unapata kasi ndogo pamoja na udhaifu. Njia ya kufaa ni kutoboa kwanza kwa keekee nyembamba, kisha kuongeza ukubwa kwa hatua, ukitia mafuta na kusukuma kwa uzito wa kutosha ili keekee itoe utepe wa chuma. Ikisugua tu bila kukata, inajipasha moto bure na kupoteza makali.

Kibao cha msasa ni kazi inayoifaa drili kuliko zote. Kibao cha mviringo cha milimita 125 kikizunguka mara 2,800 kwa dakika, ukingo wake unasafiri takriban mita 18 kwa sekunde, kasi inayotosha kusawazisha ncha za mbao bila kuziunguza, mradi karatasi iwe mpya na usisukume kwa hasira. Tengeneza kijimeza kidogo mbele yake, kikikaribia kibao kadiri iwezekanavyo bila kukigusa, na utumie nusu ile ya kibao inayoshuka kuelekea kijimeza. Ukitumia nusu inayopanda, kipande kitanyanyuliwa na kurushwa. Pembe ya kijimeza uipime kwa skweya dhidi ya kibao chenyewe, kwa kuwa mwili wa drili hauna sehemu iliyonyooka ya kuaminika.

Sasa mifereji katika alumini: hapo ninakuambia acha, na sababu ni upande wa mzigo. Drili imeundwa kusukumwa kwa mstari wa shafti. Ndani ya drili nyingi za bei nafuu, shafti haikukalia beringi mbili imara. Mara nyingi upande mmoja umewekewa bushi ya shaba iliyolowekwa mafuta, ambayo huvumilia kusukumwa kwa mbele lakini huliwa haraka ikivutwa kwa pembeni. Bushi ikishaliwa, keekee inayumba hata katika kazi ya kawaida. Tatizo la pili liko kwenye taya zinazobana keekee: zinashika mviringo kwa sehemu tatu nyembamba, na mtetemo wa kukata pembeni huzilegeza hadi chombo cha kukatia kinaanza kushuka chenyewe kikizama ndani ya kazi. Hata mashine nyingi za kutobolea za mezani zina ugonjwa huo, kwa kuwa kichwa chao kimeshikiliwa na koni isiyo na bolti, na mtetemo wa pembeni unaweza kukichomoa kikiwa kinazunguka. Kwa mfereji mmoja mmoja katika alumini, toboa safu ya matundu yanayokaribiana, kata kwa patasi ya chuma, kisha malizia kwa tupa. Ni kazi ya jasho, ila drili itabaki nzima.

Jambo la tatu ni muda. Soma kibati cha mashine. Ukiona herufi S1, maana yake mota imeundwa kufanya kazi mfululizo. S2 ikifuatwa na idadi ya dakika, kama vile S2 30 min, maana yake ifanye kazi kwa muda huo halafu ipoe kabisa kabla ya kuwashwa tena. Hata mashine nyingi za bei nafuu za kunolea mezani zimeandikwa hivyo. Vifaa vingi vya mkononi havina alama yoyote, nami huvihesabu kuwa ni vya vipindi vifupi. Weka kiganja kwenye mwili wa mota. Ukishindwa kukituliza hapo kwa sababu ya joto, kazi isimame. Njia bora ya kuipoza ni kuiacha izunguke bila mzigo kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, kwa kuwa feni yake imefungwa kwenye shafti ileile na haipulizi mashine ikisimama.

---

CheCheZaMoto amejibu:

Mimi nitazungumzia grenda peke yake, kwa kuwa ushauri uliopewa kuhusu lile jiwe umenishtua, na aliyeutoa hakupiga hesabu.

Diski nyembamba za grenda, zile zilizofungwa kwa gundi na nyuzi, zimeruhusiwa kufikia mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo. Ndiyo maana diski ya milimita 115 huandikwa takriban mizunguko 13,300 kwa dakika na ile ya milimita 230 huandikwa kama 6,650: kipenyo kikizidi, mizunguko hupungua ili ukingo ubaki katika kasi ileile. Grenda yako, kama zilivyo nyingi za ukubwa huo, inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, kwa hiyo diski yake halali inasafiri kama mita 66 kwa sekunde na ina akiba nzuri ya usalama.

Jiwe la mashine ya mezani halina nyuzi za kulishikilia, na mengi yameruhusiwa mita 35 tu kwa sekunde. Jiwe hilo la milimita 150 likifungwa kwenye grenda yako litafikia takriban mita 86 kwa sekunde. Nguvu inayotaka kulipasua huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo jiwe litabeba mara sita ya mzigo uliowekwa kuwa kikomo chake. Zaidi ya hayo, kwa kipenyo hicho halitaingia ndani ya kinga ya grenda, kwa hiyo itabidi kinga iondolewe, na vipande vitakuja moja kwa moja usoni. Hapa hakuna kiasi cha uangalifu kinachosaidia, kwa sababu jiwe hupasuka bila kuonya.

Sababu hiyohiyo inaondoa wazo jingine ambalo bila shaka utakutana nalo, la kufunga diski ya meno ya kukatia mbao kwenye grenda. Diski hiyo hata ikiwa imeandikiwa kasi ya kutosha, grenda haina kisu cha nyuma cha kuzuia mbao isibane, mpini wake ni mfupi, na swichi nyingi zinajifunga zikiwa zimewaka. Meno yakishika nyuzi za mbao, grenda inapiga teke na inaendelea kuzunguka ikiwa imetoka mikononi.

Matumizi ninayoyaona ya haki kwa grenda ndogo nje ya kukata na kusugua ni mawili. La kwanza ni stendi ya kukatia chuma, ile yenye mkono unaoshuka na jiliwa ya kubana kipande. Stendi nyingi za bei nafuu ni za bati lililokunjwa nazo hucheza. Ukiishika grenda na kuitikisa kushoto na kulia kabla ya kuiwasha, utajua kama itakata wima. Mchezo huo si suala la unadhifu peke yake, kwa kuwa diski ya unene wa milimita 1 haikuumbwa kusukumwa kwa ubavu. La pili ni diski ya vipande vya msasa vilivyopangwa kama magamba ya samaki, ambayo kwa kusafisha mishono ya kuchomelea inazidi jiwe nene kwa upole na kwa kutokuacha mikwaruzo mirefu. Kwa diski zozote za gundi, tazama pia tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye pete ya chuma ya katikati. Gundi huzeeka, na unyevunyevu huiharakisha.

Kunoa patasi kwa grenda usijaribu. Chuma cha kaboni cha patasi huanza kulegea kikipita takriban nyuzi joto 200 za Selsiasi, na ukiona rangi ya bluu kwenye ncha ujue kimekaribia 300, na sehemu hiyo haitashika makali mpaka uisage yote. Kwa mizunguko 11,000, ncha nyembamba inafika huko kabla hujaondoa mkono. Kibao cha msasa cha drili alichokieleza JiliwaKuukuu kitanoa vizuri zaidi, ukichovya patasi majini kila baada ya mguso mfupi, na makali yakielekea upande ambao msasa unakwenda; yakielekezwa upande msasa unakotoka, yatachana karatasi na patasi itakurukia.

Ila kumbuka kutenganisha mavumbi. Usisugue chuma mahali ambapo jana ulisugua mbao bila kufagia kwanza. Cheche inaweza kulala ndani ya lundo la vumbi la mbao na kuwaka saa kadhaa baadaye, wakati chumba kimefungwa.

---

MbaoNgumu amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, nami nitaingia kwenye misumeno.

Jigso iliyogeuzwa chini ya meza ni mpango mzuri kuliko inavyosifiwa. Meno ya blade ya kawaida ya jigso hutazama juu kuelekea mwili wa mashine, yaani hukata inapopanda, na ndiyo maana kwa mkono jigso hujivuta yenyewe kuikalia mbao. Ukiigeuza, meno hayohayo yanatazama chini, kwa hiyo yanaikandamiza mbao mezani badala ya kuinyanyua. Kwa sababu hiyo usitumie blade zile zenye meno yaliyogeuzwa, zinazouzwa kwa ajili ya kukata mbao za laminati zisichanike juu. Katika meza yako zitairusha mbao juu kila pigo. Mwendo wa kubembea, ule unaoipeleka blade mbele na nyuma inapokata, uzimwe, uweke sifuri. Kasoro mbili hutaziepuka: ncha ya juu ya blade haina kitu cha kuishikilia, hivyo katika mbao nene na kona kali itapinda na mkato hautakuwa wima, na vumbi lote litaanguka ndani ya matundu ya hewa ya mashine, kwa hiyo ulipulize kila unapomaliza kazi.

Msumeno wa mviringo ndipo ninapotaka ufikiri upya. Diski ya milimita 185 kwa mizunguko 5,000 hivi kwa dakika ina ukingo unaosafiri kama mita 48 kwa sekunde. Mashine halisi ya mezani ina bapa la chuma lililosimama nyuma ya diski, lenye unene unaozidi kidogo bamba la diski na kupungua kidogo kuliko upana wa mkato, kazi yake ikiwa ni kuuacha mkato wazi ili mbao isijifunge na kuibana diski kwa nyuma. Mbao iliyokauka vibaya ina mikazo ndani yake na hujifunga mara tu inapopasuliwa, na ikiyagusa meno ya nyuma, ambayo yanapanda na kuja kwako, hurushwa kuelekea tumboni mwa mtu aliyeisukuma. Misumeno mingi ya mkononi ya sasa haina bapa hilo. Na kinga yake ya chini, ile inayojirudisha kwa springi, haiwezi kufanya kazi ikiwa mashine imepinduliwa. Kila mpango wa meza niliouona unaanza kwa kuifunga ikae wazi.

Kuna jambo la nne ambalo ningeliongeza kwenye yale matatu ya JiliwaKuukuu. Kifaa cha mkononi kimeundwa kikitegemea kidole chako kiwe kwenye swichi: mkono ukishtuka, kidole kinaachia, mashine inazima. Ukikifunga mezani, kwanza unakifunga kidole hicho, kwa kitufe au kwa kamba, na sasa mikono yote miwili iko kwenye mbao huku swichi ikiwa chini ya meza mahali usipofikia. Kabla ya kuuliza kama mota itamudu kazi, uliza ni nani atakayeizima na kwa kiungo gani cha mwili.

Ushauri wangu kuhusu msumeno wa mviringo ni huu: uache mkononi, uifunge mbao. Tafuta ubao mrefu ulionyooka, ugundishe juu ya bamba jembamba la plaiwudi, kisha upitishe msumeno mara moja ukiuegemeza kwenye ubao huo ili ukate ukingo wa plaiwudi. Ukingo uliobaki ni mstari kamili wa mahali diski inapopita. Kuanzia hapo unauweka tu juu ya alama yako, unaubana kwa klempu, na unakata ubao mpana kwa unyoofu ambao meza ya kubuni haitakupa, kwa kuwa bati la chini la msumeno wa bei nafuu hupinda na kupoteza usambamba wake na diski likifungwa kwa bolti. Kinachobaki kigumu ni kupasua vipande vyembamba vingi vya upana mmoja. Kwa hilo meza ina faida kweli. Mimi huvipeleka kwa fundi mwenye mashine.

---

JiliwaKuukuu ameongeza:

MbaoNgumu, hapo kwenye meza ya msumeno unakaza mno. Mtu akiongeza bapa la nyuma alilolichonga mwenyewe kwa chuma cha unene sahihi, akatengeneza kinga ya juu, akatumia fimbo ya kusukumia na akaweka swichi nzuri mbele, ana mashine inayokubalika kwa mbao nyembamba. Ninachokubali ni kwamba akimaliza kuongeza hayo yote atakuwa ametumia muda mwingi, na bado atakuwa na mota ya vipindi vifupi inayokunywa vumbi.

---

KarakanaNdogo ameandika:

Nashukuru sana, ndugu zangu. Jiwe nimeliweka kando, na msumeno wa mviringo nitautumia kwa ubao wa kuongozea. Nabaki na drili ya kibao cha msasa na jigso ya mezani, pamoja na maswali mawili ya umeme. La kwanza: swichi ipi iwekwe, na je, naweza kupunguza kasi kwa kile kidhibiti cha kupunguzia mwanga wa taa? La pili: ninayo drili ya zamani ya betri ya volti 12, betri zake za nikeli zimekufa lakini mota ni nzima. Natamani kuiendesha kwa betri ya gari ili ifanye kazi za polepole kama kukata nyuzi za bolti.

---

WayaMwekundu amejibu:

Nianze na swichi. Kwa jigso na kibao cha msasa, chaguo langu ni swichi ya kukanyaga, ile inayowasha mguu ukiwa juu yake tu na kuzima unapoinuliwa. Inarudisha kile kidole alichokizungumzia MbaoNgumu, na mikono inabaki huru. Iwe ya aina yenye kifuniko juu, ili isikanyagwe kwa bahati mbaya, na iwe imeandikwa ampea zinazozidi za mashine yako. Drili ya wati 550 kwenye volti 230 huvuta kama ampea 2.4 katika kazi ya kawaida, lakini inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo. Kwa mashine inayowaka muda mrefu bila kuguswa, weka swichi yenye koili, inayojikata umeme unapopotea na kutojiwasha unaporudi. Pasipo hiyo, umeme ukikatika ukiwa umeinamia mashine na swichi ya drili ikiwa imefungwa ikae imewaka, utarudi bila kukuuliza.

Tazama pia kama kibati cha mashine kina alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake ina insulesheni maradufu na haina waya wa ardhi, kwa hiyo usalama wako uko kwenye ile plastiki. Usiitoboe ili kupitisha skrubu ya fremu. Ibane kwa shingo au kwa mkanda wenye mpira. Saketi ya karakana iwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30.

Kidhibiti cha mwanga kinafanya kazi kwa mota zenye kaboni, yaani zile zinazotoa cheche ndogo unapochungulia matundu ya hewa, ila cha taa kwa kawaida ni kidogo mno. Tafuta kilichotengenezwa kwa mota, chenye wati maradufu ya zile za mashine. Hakifai kwa mota zisizo na kaboni kama zile za mashine za kunolea mezani, ambazo kasi yake inafuata mawimbi ya umeme, kwa hertzi 50 zikizunguka karibu mara 2,850 au 1,430 kwa dakika. Ukizipunguzia volti zitanguruma na kuungua. Wala usikiweke kwenye mashine ambayo tayari ina gurudumu lake la kurekebisha kasi. Na hata pale kinapofaa, kumbuka feni imepungua kasi pamoja na mota. Kushusha drili hadi nusu kwa ajili ya msasa kunavumilika. Kushusha grenda hadi robo ili iwe mashine ya kung'arishia ni kuipika.

Sasa ile drili ya betri. Betri ya nikeli ya volti 12 ni seli kumi za volti 1.2, kwa hiyo betri ya gari inalingana nayo vizuri. Kinachoshinda watu ni waya. Mota hiyo ikikazwa inaweza kuvuta ampea 20 na zaidi. Chukua waya wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 2, umeme ukienda na kurudi: kwa ampea 20 utapoteza karibu volti 1.9 njiani, na waya utakuwa unatoa joto la takriban wati 37. Waya wa milimita za mraba 4 katika urefu uleule unapoteza chini ya volti 0.4. Weka fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa kuwa kinacholindwa ni waya wote, na betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea. Kuichaji kufanyike penye hewa, kwani hutoa haidrojeni.

Kuna watakaokushauri uingize seli za lithiamu ndani ya gamba la betri ya zamani. Bila saketi ya ulinzi usikubali: drili ya zamani haijui kusimama seli zinapokaribia kuisha, na chaja ya nikeli haijui kusimama zinapojaa.

Kwa kukata nyuzi wazo lako ni zuri sana, kwa sababu drili hiyo ina gia ya polepole na ile pete ya namba inayoachia mzigo ukizidi. Anza na namba ndogo na uipandishe mpaka itoshe tu kukata. Tundu la bolti ya M6 liwe la milimita 5, la M8 liwe la milimita 6.8, la M10 liwe la milimita 8.5. Tia mafuta, anza nyuzi mbili za kwanza kwa mkono ili chombo cha kukatia nyuzi kisimame wima, kisha endesha kwa drili ukirudisha nyuma kidogo kila unaposikia inalemewa, ili utepe wa chuma ukatike. Katika tundu lisilotokeza upande wa pili, malizia kwa mkono, kwa kuwa drili ikifika mwisho haitakupa nafasi ya kuachia kabla chombo hakijavunjikia ndani.